Neno la Siri Lenye Ritifaa

Mimi ni dereva, na kazi ya dereva ni kutazama mbele. Nimebeba wagonjwa, nimebeba maharusi, nimebeba mtu aliyetapika njia nzima, na sijawahi kukanyaga breki kwa sababu ya jambo lililotokea ndani ya gari. Lakini siku ile ya Mwalimu niliegesha pembeni mwa barabara, nikazima injini, nikakaa nimeshika usukani. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeshtuka tu, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Mwalimu haoni tangu utotoni. Anafundisha nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na wanafunzi wake ni watu wazima walioanza kupoteza macho ukubwani. Anawafuata majumbani kwao kwa niaba ya kituo kinachotuajiri sisi wote wawili. Yeye ana wanafunzi, mimi nina gari la kituo, basi tumezunguka pamoja mpaka nakijua kikohozi chake cha kuudhika na kikohozi chake cha mafua. Ni mrefu, mwembamba, ana kidevu kilichochongoka, na hapendi kabisa kuvutwa mkono na mtu ambaye hakumwomba msaada. "Mimi si mkoba," huwaambia. Mimi aliniita Breki tangu wiki ya kwanza, kwa jinsi nilivyomrusharusha njiani, na jina likanikaa.

Kitu asichotengana nacho ni kidude chake cha kuandikia. Kina ukubwa wa kitabu cha kawaida, hakina kioo, wala hakina herufi hata moja juu yake. Kina vitufe vya nukta tu, na kwa chini mstari wa vijisindano vinavyopanda na kushuka chini ya vidole vyake. Humo ndimo anamosoma, anamoandika, na anamopakua vitabu vya wanafunzi. Kinaongea pia, kwa sauti ya bwana mmoja aliyechoka na maisha. Ukimpa mtu mwenye macho mazima kidude kile, atakigeuza huku na huku, atabonyeza kimoja, kitanguruma, naye atakirudisha haraka kama aliyeshika mtoto wa watu aliyejikojolea.

Na hapo ndipo penye kichekesho cha kazi yetu. Tukifika nyumba mpya, jambo la kwanza ni mtandao, kwa sababu vitabu vinatoka kituoni kwa njia hiyo. Wewe ukienda kwa watu utasema, "Niwekee neno la siri," utampa mwenye nyumba simu yako, ataandika, mambo yamekwisha. Kidude hakiwekewi na mtu. Mwenye nyumba lazima alitamke neno lake la siri kwa mdomo wake, herufi moja moja, mbele ya kila aliyepo sebuleni, na Mwalimu analiingiza kwa vidole.

Watu hutokwa na jasho! Wanaandika mle mambo ambayo hawakutarajia kuyasema. Kuna mzee mmoja mstaarabu, afisa mstaafu, alikohoa na kuzunguka weee, kumbe neno lake ni jiranimwizi, na jirani mwenyewe amekaa pale na kikombe cha chai, amekuja kumpa pole ya macho. Kuna mwingine alikuwa na mkewangumkali. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na alithibitisha palepale.

Mwalimu hacheki. Ana msemo wake mmoja, anausema kila nyumba bila kubadilisha: "Herufi moja moja. Ikiwa kubwa, sema kubwa." Alishanieleza sababu. Katika kitabu cha nukta nundu anaruhusiwa kufupisha, neno refu linakuwa alama mbili tatu. Kwenye neno la siri ufupisho hauna nafasi. Kila herufi inaandikwa kamili, herufi kubwa inaongezewa nukta ya chini kabisa, na ukikosea nukta moja kidude kinakukatalia kama karani wa benki saa tisa alasiri. Mimi siwezi kusoma hata mstari mmoja wa nukta, lakini hilo la herufi kubwa nalijua kama sala.

Nyumbani Mwalimu anaishi na dada yake mkubwa, na mimi pia namwita Dada, maana hajawahi kukubali nimwite vinginevyo. Dada anafanya kazi duka la dawa. Ndiye aliyemlea. Mwalimu alipopelekwa shule kujifunza nukta, Dada alikuwa anamkalisha jioni, anafumba macho, anajifunza naye ili aweze kumsaidia. Kwa hiyo ukimtoa Mwalimu mwenyewe, mtu pekee ninayemjua mimi anayeweza kukaa na kile kidude akaandika ni Dada.

Ni Dada pia aliyekuwa akikipeleka kwa fundi. Mtandao wa nyumbani kwao unakatikakatika, na kidude kile kinahitaji kufanyiwa marekebisho mara kwa mara, ambayo hayapakuliki kwa mtandao wa kubahatisha. Basi siku ya mapumziko Dada angekitia kwenye mkoba, angeondoka nacho asubuhi, na jioni angerudi nacho kikiwa kizima. Nimewahi kuwapo akirudi. Angekiweka mezani na kusema, "Fundi anakusalimia." Na Mwalimu angejibu, "Msalimie na yeye, mwambie anajua kazi." Hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi.

Mama yao, nilivyoambiwa, alifariki Mwalimu akiwa mdogo. Kila mwaka mara moja walikuwa wakienda makaburini, na mimi ndiye niliyewapeleka. Nilikuwa nabaki getini na gari, wao wanaingia na maua. Mwaka mmoja tukirudi, Dada ameshuka sokoni, Mwalimu alinisimulia. Alisema alipokuwa mchanga alikuwa analia mpaka majirani wanadhani kuna moto, ndipo mama akambandika jina King'ora. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwita hivyo. "Alipoondoka mama, na jina likaondoka naye," alisema. "Hata Dada halitamki."

Halafu akacheka peke yake. Akaniambia juu ya lile kaburi kuna neno limechongwa, la herufi nne. Utotoni alilipapasa, na Dada akamwambia limeandikwa MAMA. "Nikamwambia, Dada, mbona herufi ya kwanza na ya tatu zinafanana sawasawa, lakini ya pili na ya nne hazifanani? Akanijibu mchongaji alikosea. Hebu fikiria, Breki! Mtu anakosea neno mama!" Nilicheka naye mpaka tukapitiliza njia ya kuingilia kwao.

Basi. Siku moja katibu wa kituo alituita. Kuna mama mmoja amepiga simu, macho yanafifia, anataka kufundishwa nyumbani, na amesisitiza aletewe yule mwalimu wa kike asiyeona. Hilo halikutushangaza. Wengi wanapenda kufundishwa na mtu anayejua giza lenyewe.

Ilikuwa nyumba ya mwisho kwenye mtaa uliotulia, geti la kijani lililopakwa rangi juu ya kutu, baraza yenye viti vya plastiki na vyungu vya maua vilivyopangwa kwa ukubwa. Niliingia na Mwalimu kwa sababu mimi ndiye mbeba boksi la karatasi nzito na vifaa vya wanafunzi. Mwenye nyumba alikuwa peke yake. Mama mtu mzima, mrefu, miwani minene, leso amejifunga vizuri. Alisimama katikati ya sebule kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alisema.

Nilimtazama yule mama. Mdomo ulikuwa umefunguka, lakini hakuna kilichotoka. Nami nilichukia, nisiseme uongo. Mtu anakuamkia kwa adabu, unamwacha na shikamoo yake hewani? Nikasema moyoni, huyu ni wale wa kujisikia.

"Karibuni," alisema mwishowe. "Kaeni. Chai ipo."

Tulikaa. Nikamiminiwa chai. Birika lilikuwa likigongagonga vikombe, nami nikamsamehe kidogo, nikasema ni macho. Mwalimu akaweka kidude mapajani, akakiwasha, akakunja uso wake wa kazi.

"Sasa mama, kabla ya yote nitahitaji mtandao wa hapa. Utanitajia neno la siri. Herufi moja..."

Kidude kikatetemeka.

"Barazani," kilisema kwa sauti yake ile ya kuchoka. "Imeunganishwa."

Vidole vya Mwalimu vilirudi kwenye vile vijisindano, vikapita mara moja, vikarudi tena mwanzo, vikapita polepole.

"Mama, mtandao wenu unaitwa Barazani?"

"Ndiyo."

"Una neno la siri, au mmeuacha wazi?"

"Unalo."

Mimi nilikuwa bado sijaelewa kitu, nikadakia. "Si bora? Kimekurahisishia. Labda ulishawahi kufundisha hapa."

"Breki, nyumba hii sijawahi kuikanyaga."

"Basi majina yamefanana. Watu wanaiga sana."

"Jina likifanana, na neno la siri nalo lifanane?"

Hapo ndipo nilipoanza kusikia baridi. Kidude kile hakibahatishi. Kinajiunga chenyewe mahali ambapo mtu alishakaa, akaingiza neno la siri kwa nukta, herufi baada ya herufi, kikalihifadhi. Kwa maneno mengine, kidude kilikuwa kimewahi kukaa sebuleni pale. Mwalimu hakuwahi. Na anayejua kuandika mle, ukimtoa Mwalimu, ni mtu mmoja. Nilimtazama yule mama, nikatazama kile kifaa cha mtandao juu ya kabati, taa zake za kijani zinapepesa, nikaona sielewi ninachokiogopa.

"Kumbe mama ndiye fundi?" nilisema. Lilikuwa swali la kijinga, lakini ubongo ulikuwa umeganda na mdomo umebaki peke yake.

"Fundi?" yule mama alisema. Alionekana hajui ninachozungumzia.

Mwalimu hakuuliza nani alikuja na kidude, wala lini. Nilitegemea angepandisha hasira. Alinyoosha mgongo, akabonyeza vitufe kadhaa, akabonyeza tena.

"Mtandao umesahauliwa," kidude kikasema.

"Sasa hakikumbuki kitu," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila nyumba, na hilo lilinitisha kuliko angepiga kelele. "Nitajie neno la siri, mama. Herufi moja moja. Ikiwa kubwa, sema kubwa."

Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"K," alisema. "Kubwa."

Vidole vya Mwalimu vikashuka.

"i. Ndogo."

"Ndiyo."

"n."

"Ndiyo."

"g."

Mimi na akili zangu za udereva nilikuwa nalikamilisha neno kichwani. Nilifikiri kinga. Nilifikiri mtu labda ameandika Kingereza na kusahau ile i nyingine. Nilikuwa nimeinua kikombe.

"Halafu," yule mama alisema, na sauti ikaanza kumkatika, "halafu kile kialama cha juu. Kama mkato, lakini kinakaa juu."

"Ritifaa," Mwalimu alisema.

"Hiyo."

Chai ilinimwagikia mapajani, na naapa sikuhisi moto. Ndani ya gari langu mwenyewe nililisikia jina lile, siku tuliyopitiliza njia. Mwalimu aliingiza ritifaa. Halafu hakusubiri. Vidole vikashuka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, peke yake, bila kutajiwa.

"Sijamaliza," yule mama alisema.

"Najua."

"Barazani," kidude kikasema. "Imeunganishwa."

Nimeshasema mimi ni mtu wa kutazama mbele. Sikuweza kutazama popote. Nilitazama sakafu, nikatazama mapaja yangu yaliyolowa, halafu nikakosea nikawatazama wao, na kidevu kilikuwa kilekile. Videvu viwili vilivyochongoka, vimekaa vinaelekeana, kimoja kimezeeka. Nilikuwa nimekaa pale muda wote nikimlaumu mtu kwa kutoitikia shikamoo!

"Wewe si ulikufa," Mwalimu alisema. Hakuuliza. Alisema kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi.

Yule mama alianza kulia, lakini alisimulia huku analia, akijilazimisha, kama aliyejiandaa kwa muda mrefu. Mume wa kwanza alipofariki alipata wa pili. Yule wa pili alisema atamchukua yeye, na binti mkubwa akitaka na aje, ila mtoto asiyeona hamtaki nyumbani kwake. Naye akaenda. Alisema neno hilo moja, "nikaenda." Binti mkubwa alikataa kumfuata, akabaki na mdogo wake kwa shangazi. Yule mume naye alipofariki, mama akarudi kuwatafuta. Dada alikutana naye njiani, hakumfikisha nyumbani.

"Aliniambia, kwa mdogo wangu wewe umeshakufa na ameshalia akamaliza. Baki hivyo hivyo. Nikabaki."

"Na kidude?" Mwalimu aliuliza.

"Nilimwomba chochote chako. Akasema anaweza kukileta kikitaka marekebisho, kwa sababu mtandao wa hapa una nguvu. Anakileta, anakiunganisha, anakaa pale anasubiri. Mimi nakishika." Alinyoosha mkono kama anayetaka kukigusa hata wakati ule, kisha akaurudisha. "Vile vitufe vya katikati vimechakaa. Ndipo unapoweka vidole."

Dada mzima, jamani. Dada aliyekuwa akinifungia chakula nikichelewa. Nilitamani nimtetee na nilitamani nimpigie simu nimtukane, vyote kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na kipi.

"Dada anajua umeniita?"

"Hajui. Macho yanakwisha, mwanangu. Daktari aliniuliza kama kwenye ukoo kuna mwingine mwenye ugonjwa huu. Nikasema yupo. Nilifikiri nitakuwa mwanafunzi tu. Ningekusikia kila wiki, ningejifunza, usingejua. Sikujua kama kinakumbuka."

"Kinakumbuka," Mwalimu alisema. Akakizima, akakifunga kwenye mfuko wake, akavuta zipu mpaka mwisho. "Somo la leo limeishia hapo."

Aliinuka. Mimi nikabeba boksi ambalo hatukulifungua. Tulikuwa tumeshafika barazani, Mwalimu anatafuta ngazi kwa fimbo yake, ndipo yule mama alipotoka nyuma yetu akashika nguzo ya mlango.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Aliitikia ile shikamoo ya mwanzo. Mwalimu alisimama kidogo, mguu mmoja kwenye ngazi. Kisha akashuka, akaenda kwenye gari bila kunisubiri, akapapasa mlango mpaka akaupata.

Niliendesha mpaka mwisho wa mtaa. Hapo ndipo niliposhindwa, nikaegesha pembeni, nikazima injini, nikashika usukani. Sisi wanaume tunapenda kusema vumbi liliniingia machoni. Hapakuwa na vumbi, madirisha yalikuwa yamefungwa. Mwalimu alikaa kando yangu, mkavu, amekumbatia mfuko wa kidude.

"Umemaliza?" aliniuliza baadaye.

"Bado kidogo."

"Ukimaliza, nipeleke makaburini."

Ni hapo tu nilipolikumbuka kaburi, na nikashtuka upya. Maua yote yale! Nilikuwa nimewaendesha mimi, kila mwaka, nikipunguza mwendo kwa heshima, nikizima redio. Kwa heshima ya nani?

Safari hii sikubaki getini. Aliijua njia kuliko mimi. Alipita katikati ya makaburi na fimbo yake, akakata kushoto kwenye bomba la maji, akasimama mbele ya kaburi moja la saruji lililotunzwa vizuri, akapiga magoti palepale kwenye mchanga. Mkono wake ukaenda moja kwa moja juu ya maandishi bila kutafuta. Kidole kilipita herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na macho ninayo. Nikaona kabla hajaniuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

"Usinisomee yote," alisema. Kidole kilikuwa kimesimama kwenye herufi ya nne. "Hii tu. Ya mwisho."

"Mwalimu, twende nyumbani."

"Breki. Herufi moja moja."

"U," nilisema. "Kubwa."

Aliipapasa tena ile U, kutoka juu mpaka kwenye kipindo chake na kupanda upande wa pili. Halafu alirudi kwenye ya kwanza, na ya tatu, zile zilizofanana, na nikaona midomo yake ikijaribu. Mchongaji wa watu, masikini, alitukanwa miaka yote hiyo bure. Hakukosea hata herufi moja.

"Babu," Mwalimu alisema.

Chini yake, kwa herufi ndogo, wenye kaburi lao walikuwa wameandika alivyopendwa na wajukuu zake. Hilo sikumsomea. Alikaa pale magotini mpaka nikaanza kuhofia atavunjika mbele yangu nami sina wa kumwita. Lakini alifuta saruji kwa kiganja, akatoa jani lililokuwa limenasa pembeni, akainama kidogo kama anavyoinama kwa wakubwa.

"Shikamoo, babu," alisema. "Samahani kwa usumbufu."

Sikujua kama nicheke au nilie, na nadhani nilifanya vyote, maana alinigeukia akaniambia nipenge kamasi. Kisha akanyoosha mkono nimshike. Huyu asiyependa kushikwa! Nikamshika, tukarudi kwenye gari polepole.

Njiani simu yake iliita. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Hakuipokea, na hakuwa na haja ya kuniambia ni nani.

"Na wiki ijayo?" niliuliza tulipokaribia kwao. Nilikuwa nimeling'ang'ania swali hilo njia nzima. "Nimwambie katibu atafute mwalimu mwingine wa kwenda kule?"

"Wa nini? Mwanafunzi wangu hajui hata a." Aligeuza uso dirishani. "Tutaanza na a. Kitakachofuata sikijui, usiniulize."

Nilimsindikiza mpaka ndani. Nasema ukweli, sikutaka kuingia. Lakini nilimwona anapapasa fremu ya mlango wa nyumba aliyoizoea kwa miaka, kama hajui ufunguo unapoingia, nikaona siwezi kumwacha.

Dada alikuwa jikoni, amewasha redio, anakatakata mboga. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliponiona alitabasamu, akaniambia nikae, chakula kinakaribia. Nilitazama mikono yake, ile iliyojifunza nukta macho yakiwa yamefumbwa, nikashindwa kukaa.

"Mbona hupokei simu?" alimwambia mdogo wake. "Nilitaka kukukumbusha. Kesho nakipeleka kile kidude, kimeshaanza kulalamika kinataka marekebisho."

Mwalimu alikitoa kidude kwenye mfuko, akakiweka mezani katikati yao, pale pale Dada alipozoea kukiweka akirudi nacho jioni.

"Hakuna haja," alisema. "Nimetoka huko. Fundi anakusalimia."

Kisu kilisimama juu ya ubao. Dada alinitazama mimi, akamtazama mdogo wake, akanitazama tena, na rangi ilimtoka usoni nikiona.

"Fundi gani?" aliuliza.

"Yule tuliyemzika," Mwalimu alisema.